Nimebadilishiwa meno ya difu kwa kelele iliyokuwa kwenye giaboksi: nadai fedha zangu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Ninamiliki Land Rover 109 Series IIA ya mwaka 1968, na niliipeleka kwenye gereji moja hapa Dar es Salaam ikiwa na tatizo lililo wazi: ilikuwa inavuma kwenye gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini nikiingiza ya nne mvumo unafifia karibu kabisa. Nilimweleza fundi mkuu hivyohivyo. Bila hata kuwasha gari, akanijibu kwamba magari haya ya zamani ugonjwa wao ni difu (sanduku la meno kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu), nami nikalipishwa krauni na pinieni, yaani gia kubwa na ndogo za ndani ya difu, pamoja na ufundi.

Kwenye giaboksi hii, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja hadi shafti kuu bila kuielemea leishafti (shafti ya pembeni yenye meno ndani ya giaboksi), ilhali gia tatu za chini zote huipa leishafti mzigo. Kwa hiyo mvumo unaopotea kwenye ya nne unamtaka fundi aanze na beringi na meno ya leishafti kabla hajagusa kitu kingine. Tena gari likiwa limesimama, injini inanguruma na gia iko huru, mkwaruzo ulikuwa unasikika, na ukikanyaga klachi unakatika. Difu ya gari lililosimama haizunguki. Sasa inapigaje kelele?

Nimerudishiwa gari lenye kelele mbili. Ile ya kwanza ipo palepale, na umeongezeka mluzi mkali unaotoka nyuma kila ninapoachia pedali ya mafuta. Nilipolazimisha difu ifunguliwe mbele yangu, namba iliyochongwa kwenye krauni haikufanana na ya pinieni, wakati vitu hivi hutoka kiwandani vikiwa jozi. Nikauliza wamepimaje uchezaji wa meno (nafasi ndogo kati ya meno ya krauni na ya pinieni), ambao hapa unatakiwa uwe kati ya milimita 0.20 na 0.25. Fundi akaishika krauni kwa kidole gumba, akaitikisa, akasema, “Hiyo ipo sawa, mzee.” Geji ya saa, kipimo chenye mshale cha kupimia uchezaji huo, hawana, wala rangi ya kupaka kwenye meno ili waone yanapogusana. Dawa yao ya mluzi ilikuwa kuzidi kuikaza nati ya pinieni, kana kwamba beringi zake hupangwa kwa nguvu za mkono na si kwa shimu, vile vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi.

Jumapili nilifungua propela ya nyuma (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma), nikabonyeza kirungu cha njano kinachounganisha magurudumu ya mbele, nikaliendesha gari kwa magurudumu ya mbele peke yake. (Anayetaka kujaribu aweke mawe kwenye matairi kwanza, maana breki ya mkono ya gari hili hushikia kwenye propela hiyohiyo.) Mluzi ukanyamaza, na mvumo wa gia tatu ukabaki vilevile. Kipimo hicho hakihitaji chochote zaidi ya spana, na gereji inayojitangaza kuwa bingwa wa Land Rover haikukifanya.

Meneja anasema kazi ilishafanyika, hivyo fedha hairudi. Krauni na pinieni zangu za awali, ambazo hazikuwa na kosa lolote, naambiwa zimekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ninadai fedha zote, za vipuri na za ufundi, na barua ya madai nitaipeleka kwa mkono wiki hii. Mwenye jozi ya krauni na pinieni ya uwiano wa 4.7 yenye namba zinazofanana anitajie bei, na anayemfahamu fundi wa giaboksi hizi anayemiliki geji ya saa aniandikie faragha.