Naomba ushauri: oili ya injini nimwage kila baada ya kilomita ngapi?

Habari zenu wakuu. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ cc 1496. Niliinunua kwa mtu miezi mitano iliyopita ikiwa na kilomita 148,000. Kila siku natoka nayo Mbagala kwenda Kariakoo na kurudi, na foleni zetu mnazijua, injini inaunguruma saa nzima gari halijafika popote.

Fundi wangu ananiwekea 20W-50 (oili nzito) na anasisitiza nimwage kila kilomita 3,000. Dukani wanasema niweke sinthetiki (oili ya kutengenezwa kiwandani) 5W-30, ambayo ni nyepesi zaidi, nitembee hadi 10,000. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na gari hili nalitegemea kwa kila kitu, sitaki kuua injini.

Nimepima asubuhi ikiwa ya baridi: baada ya kilomita 2,000 oili imeshuka hadi katikati ya alama mbili za kijiti cha kupimia na imekuwa nyeusi. Moshi sioni, chini hakuna tone. Filta tulibadilisha pamoja na oili.

Kwa foleni kama hii, nyie mnamwaga kwa kilomita ngapi? Na nikihamia 5W-30 kwa umri huu wa injini, sili (mipira ya kuzuia oili isitoke) hazitaanza kuvujisha?

Natanguliza shukrani.