Mjadala: Je, mgombea urais ni lazima awe raia wa kuzaliwa?

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Sharti la uraia wa kuzaliwa kwa anayegombea urais, yaani awe raia tangu kuzaliwa na si kwa kuandikishwa baadaye, lifutwe katika katiba zote zilizo nalo. Mgombea adaiwe miaka mingi ya kuishi nchini, adaiwe asiwe na uraia wa nchi nyingine, na yaliyobaki waachiwe wapiga kura. Pale ambapo sharti limepanuliwa hadi kuchunguza wazazi wa mgombea, napinga kwa nguvu zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Wanaolitetea wana hoja nzito moja: rais ni amiri jeshi mkuu, na jeshi halikabidhiwi mtu ambaye moyo wake unaweza kuwa kwingine. Hoja hiyo ni ya zamani. Tarehe 25 Julai 1787, katiba ya Marekani ikiandikwa, mwanasiasa John Jay alimwandikia George Washington, aliyeongoza mkutano wa kuiandika, akishauri ukuu wa majeshi ya Marekani asipewe mtu ambaye si raia wa kuzaliwa. Hofu yake ilikuwa na msingi kwa wakati ule. Taifa lilikuwa changa, na mwaka 1772 Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeimega Poland huku kila moja ikiwa na watu wake ndani ya siasa za nchi ile. Sharti likaingia katika katiba pamoja na umri wa miaka 35 na ukaazi wa miaka 14.

Lakini tazameni katiba ileile inavyowatendea wengine. Aliyepewa uraia anaweza kuwa mbunge baada ya miaka 7 na seneta baada ya miaka 9, na hao ndio wenye mamlaka ya kutangaza vita. Henry Kissinger, mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa waziri wa mambo ya nje na alizijua siri nzito za nchi. Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria, aliongoza jimbo la California kuanzia 2003 hadi 2011. Tukigeukia usaliti wenyewe: Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliyekamatwa 1994 kwa kuwauzia Wasovieti siri, alizaliwa Wisconsin. Robert Hanssen wa FBI, idara ya upelelezi ya nchi hiyo, aliyekamatwa 2001 kwa kosa la aina hiyo, alizaliwa Chicago. Cheti cha kuzaliwa hakikuzuia lolote.

Sasa tuje Afrika, maana huku ndiko sharti hili limetuumiza. Kenneth Kaunda alizaliwa 1924 huko Lubwa, Chinsali, ndani ya nchi inayoitwa Zambia leo. Baba yake alikuwa mwalimu na mhubiri aliyetoka Nyasaland, Malawi ya sasa, wakati nchi zote mbili zikiwa chini ya Mwingereza na Zambia haijawa taifa. Kaunda aliipatia nchi uhuru 1964 na kuitawala miaka 27. Mwaka 1996, alipotaka kurudi kugombea, serikali ya Frederick Chiluba, rais aliyempokea, ilibadilisha katiba ili wazazi wote wawili wa mgombea wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa asili. Kila mtu alijua sheria ile imeshonwa kwa kipimo cha nani. Mwaka 1999 mahakama ilifika hadi kutamka kwamba mzee yule si raia wa Zambia, uamuzi uliotenguliwa na Mahakama ya Juu mwaka uliofuata.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wapinzani nao wakampeleka Chiluba mahakamani wakidai kwamba yeye na wazazi wake si Wazambia. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ilitupilia mbali madai hayo, na ilikuwa sahihi. Watu wa bara ambalo mipaka yake ilichorwa na wageni wakianza kudaiana asili za mababu, wachache sana watabaki salama.

Hapo nimemtaja mkubwa. Wanaoniuma zaidi ni William Banda na John Chinula, wanasiasa wa UNIP, chama cha Kaunda, waliotiwa nguvuni mwaka 1994 na kutupwa Malawi kwa madai kuwa si raia. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoamua shauri lao 1999, Chinula alikuwa ameshafariki. Tume iliitaka serikali ya Zambia iiruhusu familia yake imrudishe akazikwe kwao. Mwaka 2001 Tume hiyohiyo ikasema sharti la wazazi lenyewe linavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Côte d'Ivoire ililipa zaidi. Alassane Ouattara aliwahi kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, lakini katiba ya 2000 ilitaka baba na mama wa mgombea wote wawe raia wa asili, na akaenguliwa. Haikuishia kwake. Watu wa kaskazini, wenye majina yanayofanana na ya majirani wa Burkina Faso na Mali, walijikuta wakiulizwa vitambulisho kwenye vizuizi vya barabarani na kuambiwa ni bandia. Septemba 2002 vita vikazuka na nchi ikagawanyika. Vilikuwa na sababu nyingine pia, ardhi ikiwemo, lakini swali la nani ni Mwivory halisi lilikuwa katikati. Ouattara alishinda urais 2010, na ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 3,000. Hii ndiyo hoja yangu kuu, ndugu zangu: sharti huandikwa kwa ajili ya mtu mmoja anayetaka Ikulu, halafu linabisha hodi kwa watu wasiotaka cheo chochote.

Wapo watakaosema tusibebe mifano mibaya tu, Kenya wanalo sharti hili na nchi haijavunjika. Ni kweli. Ila isomeni katiba yao ya 2010. Ibara ya 14 inasema mtoto aliyeokotwa nchini akiwa na umri unaoonekana kuwa chini ya miaka 8, wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Ni kifungu cha huruma na nakiunga mkono kabisa. Maana yake ni kwamba mtoto huyo anaweza kuwa rais bila yeyote kujua asili yake, huku aliyeandikishwa uraia na kuitumikia Kenya miaka 50 hawezi. Basi asili inalinda nini hapo?

Marekani nako moto haujazimika. Barack Obama alizaliwa Honolulu 1961, lakini ilibidi Aprili 2011, akiwa rais tayari, atoe cheti chake kamili cha kuzaliwa kwa sababu watu, Donald Trump akiwamo, walikuwa wakihoji alikozaliwa. Mwaka 1898 Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina, ni raia kwa kuwa alizaliwa pale. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini amri ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa huko kwa wazazi wasio na vibali au wenye vibali vya muda, na mahakama za chini zikaizuia. Anayedhani mabishano ya uraia wa mtoto mchanga na mabishano ya ugombea urais ni mambo mawili tofauti afikirie tena.

Swali langu nalielekeza kwa ndugu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na wanaofuatilia siasa zake. Mwaka 2021 lilipelekwa bungeni kule pendekezo la kutaka wazazi wote wawili wa mgombea urais wawe Wakongo. Wengi waliona linamlenga mwanasiasa Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgiriki, na bado Katumbi aligombea 2023. Nchi hiyohiyo iliwapa watu wenye asili ya Rwanda na Burundi uraia 1972 kisha ikawavua kwa sheria ya 1981, na mashariki mwa Congo wanaishi na matokeo yake mpaka leo. Mnaounga mkono pendekezo lile, mnaweza kunionyesha litakavyozuiwa lisimfikie mkulima wa Kivu, huko mashariki, asiyegombea chochote?