Ushauri: Naigeuza CRF250R nyumbani iwe ya fleti treki, nianzie wapi?

Bahari_Kavu (Bamburi)
Assalam aleikum wadau. Nina pikipiki ya motokrosi, Honda CRF250R ya 2008, ya kabureta. Rimu bado za kiwandani, 21 mbele na 19 nyuma, na sproketi ya nyuma ina meno 48. Nataka iwe ya fleti treki, zile mbio za uwanja wa umbo la yai, udongo ulioshindiliwa, kona zote za kushoto. Ni mbio za ridhaa tu. Kazi nitaifanya uani mwenyewe; ya leth (mashine ya kuchonga chuma) na ya kuchomelea nitapeleka kwa mafundi wa Magongo. Tairi na rimu gani? Naishushaje? Breki ya mbele nitoe? Na injini nayo iguswe?

Spoki36
Wa aleikum salaam ndugu yangu. Injini iache. Pesa ya kwanza iende kwenye magurudumu, ya pili kwenye shoki. Pikipiki yenye nguvu isiyoshika kona utaishia kuipigania tu.

Tairi za mchezo huu ni za inchi 19 mbele na nyuma. Ulizia 27.0x7.0-19 ya mbele na 27.5x7.5-19 ya nyuma; namba ya kwanza ni kipenyo cha tairi kwa inchi. Maxxis DTR-1 zipo kwa saizi hizo. Habu (kitovu cha gurudumu) usinunue, yako ya mbele ina matobo 36, hivyo tafuta rimu ya 19 ya matobo 36, upana inchi 2.5. Hata ya 2.15 tairi litaingia, ila litajikunja mabega na kupoteza ukingo, na huo ukingo ndio unaouma udongo ukiwa umelala kwenye kona. Rimu yako ya nyuma nayo ni nyembamba mno kwa tairi la 7.5.

Kutoka 21 kwenda 19 spoki zinapungua kama milimita 25. Usikubali fundi akate zile za zamani na kuzichonga uzi upya. Uzi wa spoki kiwandani hufinywa, haukatwi, na ule wa kukatwa huvunjika papo hapo penye nipo, ile nati ndogo ya spoki. Agiza za urefu wako. Nipo chukua za shaba. Za alumini kwa chumvi ya hewa yetu hushikana na spoki, na siku ya kukaza zinazunguka kichwa kitupu.

Kabla ya kulipia rimu angalia pembe za matobo. Rimu iliyotobolewa kwa habu ya nyuma hupinda spoki mdomoni ikifungwa kwenye habu nyembamba ya mbele.

Bahari_Kavu
Shukran. Sasa rimu ya mbele ikiwa ndogo, si pikipiki itashuka yenyewe?

Foki_na_Shoki
Haishuki, na wengi hukwama hapo. Tairi yako ya sasa ya mbele, 80/100-21, ina kipenyo cha kama milimita 693. Ile ya 27.0 ni 686. Tofauti haionekani. Nyuma ndiko kuna kazi: 100/90-19 ni kama 663, na 27.5 ni kama 698, maana yake ekseli ya nyuma inapanda karibu milimita 18. Usipofanya kitu kingine, nyuma imeinuka, pua imeinama, na usukani umekuwa mwepesi wa kutikisika kwenye mstari ulionyooka.

Shoki za motokrosi zina mwendo (umbali wa gurudumu kupanda na kushuka) wa kama milimita 300 kwa ajili ya kuruka. Hapa hakuna kuruka. Punguza kati ya 75 na 100 pande zote mbili, nyuma ukiongeza zile 18 za tairi. Kumbuka nyuma kuna linki, vyuma vinavyounganisha shoki na mkono wa gurudumu: milimita moja kwenye shoki huwa zaidi ya mbili, karibu tatu, kwenye gurudumu. Pima mwenyewe kwa kuinua gurudumu springi ikiwa imetolewa, ndipo umpe fundi wa leth kipimo cha bushi, kipande cha bomba cha kuzuia mwendo.

Bushi hiyo hukaa ndani ya shoki, kwenye fimbo, chini ya pistoni, ili shoki isifunguke yote. Kuna watu hufunga linki ndefu tu. Pikipiki itashuka kweli, lakini mwendo haujapungua, na shoki ikibonyea yote tairi linakula madigadi.

Ukishaifungua shoki lazima ijazwe gesi upya, naitrojeni kama bar 10. Mtungi wa kujazia matairi mara nyingi haufiki huko; tafuta wenye naitrojeni ya viwandani na regyuleta. Hewa ya kompresa ina unyevu. Oksijeni ya kuchomelea ni hatari ya mauti, ikikutana na oili hulipuka. Usimruhusu mtu akujaribie.

Mbele, kwenye foki, bushi huingia kwenye fimbo ndani ya katriji (mtambo wa ndani wa foki). Ukifupisha foki, springi inabanwa zaidi kwa kipimo kilekile, kwa hiyo uifupishe. Ukikata moja ya tano ya mizunguko yake, springi inakuwa ngumu kwa robo, jambo ambalo hapa linafaa. Ukimaliza, kaa juu na mavazi yako yote ya mbio: pikipiki ishuke kama thuluthi ya mwendo uliobaki. Kama mbele inateleza nje ya kona, nyuma imeshushwa mno. Kama inatikisa kichwa, mbele ndiyo imeshushwa mno.

Bi_Cheni
Niongeze la gia, kaka. Tairi kubwa limekurefushia gia kwa zaidi ya asilimia 5. Meno 48 sasa yanakwenda kama 45 na nusu, na kurudi ulipokuwa unahitaji 50 au 51. Nunua zote mbili. Uwanja mfupi huendeshwa kwa gia moja mzunguko mzima, hivyo chagua sproketi inayofikisha injini karibu na kikomo mwisho wa mstari bila kukohoa katikati ya kona. Mnyororo ukaze ukiwa umepanga sproketi ya mbele, pivoti (bolti ambapo mkono wa gurudumu la nyuma unapindia) na ekseli ya nyuma kwenye mstari mmoja, maana hapo ndipo unapokaza zaidi.

Breki ya mbele toa. Marekani na Uingereza mbio hizi kwa kawaida haziitumii: gurudumu likifunga umelala umeanguka, na aliye nyuma yako hatarajii usimame ghafla.

Spoki36
Dada, asikimbilie kuitoa. Asome kwanza sheria za waandaaji wake, kwani madaraja ya ridhaa hutofautiana.

Bi_Cheni
Hilo sawa. Akiitoa, basi ya nyuma imebeba kila kitu: pedi mpya, na oili ya breki ya DOT 4 kutoka kopo lililofungwa. Kopo lililokaa wazi Mombasa limeshanyonya unyevu, na breki ikichemka pedali inazama.

Kona_Kushoto
Swichi ya kamba ya mkononi, ile ya kuzima injini ukianguka, usinunue ovyo. CRF yako huzimika waya ukigusa bodi, kwa hiyo taka ile inayounganisha kamba ikichomoka. Ile ya kukata waya haitazima kitu.

Kiatu cha chuma cha mguu wa kushoto, ule unaoburuta chini kwenye kona, kinatengenezeka Magongo: bati la milimita 3 lenye umbo la soli ya buti lako, ncha imekunjwa juu, kingo zimeviringwa, na chini mistari iliyochomelewa kwa elektrodi ya kuweka chuma kigumu. Bila mistari hiyo, murram ya mawe itakila upesi.

Kwenye injini: oili ya krenki na ya giaboksi ziko mbali, badilisha zote mbili. Filta ya sponji ipake oili na ukingo wake grisi. Valvu za kuingizia hewa ni titani, na vumbi la matumbawe huzila, kwa hiyo pima nafasi zake sasa, kisha uangalie kama zinaendelea kubana.

Bahari_Kavu
Allah awabariki. Tairi zikichelewa bandarini, naweza kufanya mazoezi na za motokrosi?

Spoki36
Kwa mazoezi ndiyo, za udongo mgumu. Vidole vya tairi vikate vibaki milimita 8 hivi. Vikiwa virefu hupinda, hupata moto na kung'oka. Anza na psi 20.