Diski inagonga 100% baada ya kupandisha Windows 11: nisubiri, nisakinishe upya au niweke SSD?

Karani_Usiku
Habari zenu wakuu. Laptop yangu ina RAM ya GB 8 na HDD (diski ya sahani inayozunguka) ya TB 1, ile ya mizunguko 5400 kwa dakika. Siku nne zilizopita nilitoka Windows 10 kwenda 11 juu kwa juu bila kufuta kitu, maana masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yaliisha Oktoba 14, 2025. Tangu siku hiyo kazi haziendi. Nikifungua folda, kiduara kinazunguka mpaka nachoka kukitazama. Task Manager inaonyesha diski 100%, lakini kasi yenyewe ni MB 1 au 2 kwa sekunde. Inakuwaje diski izidiwe na huku haisomi chochote cha maana?

Naona njia tatu: nisubiri itulie, nifute nisakinishe upya, au nibadilishe diski niweke SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka. Humo ndani mna picha za watoto na kazi za miaka sita, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Nyundo_Ndogo
Mkuu, hiyo 100% ni kipimo cha muda, si cha kasi. Maana yake diski haipati hata nukta ya kupumzika. HDD ina kichwa kinachosafiri juu ya sahani inayozunguka. Kwa mizunguko 5400, mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi, na bado kichwa chenyewe kinahitaji muda wa kuhama. Ukiiomba faili moja kubwa iliyonyooka, itakupa MB 100 kwa sekunde bila shida. Ukiiomba vipande vya KB 4 vilivyotawanyika, haifikishi hata MB 1, ila inahangaika muda wote.

Na baada ya kupandisha mfumo, vipande ndivyo vinavyoombwa: faili zinaorodheshwa upya kwa ajili ya utafutaji, kinga ya virusi inapita kila kona, masasisho yanashuka. Mimi ningesubiri kwanza. Iache kwenye chaji usiku kucha, uizuie isilale. Siku nne za kuwasha na kuzima ni kama hujaipa nafasi.

Bahari_Tulivu
Nyundo, maelezo yako ni sahihi, ila ushauri wa kusubiri naupinga. Usiku kucha wa kusoma na kuandika ni mzigo, na hatujui kama diski hiyo ni nzima. Mimi niliwahi kusubiri hivyohivyo, kisha nikaendesha chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye diski mgonjwa kabla sijanakili chochote. Ilinifia katikati. Picha za mama yangu zilikuwa humo na sikuzipata tena.

Karani, shusha CrystalDiskInfo, ni ya bure, usome SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Tazama mistari minne. 05 ni sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizokwisha kuhamishwa, C5 ni zinazosubiri kuamuliwa kwa sababu hazisomeki vizuri, C6 ni zilizoshindikana. C7 mara nyingi ni waya au kiunganishi, si diski. Angalizo: namba za upande wa kulia huandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16, kwa hiyo ukiona 10 hiyo ni 16.

Shina_la_Mti
Kuhusu kusakinisha upya: nimefanya njia zote mbili kwenye mashine nyingi, na usakinishaji safi hukuondolea draiva za zamani na programu zinazojiwasha zenyewe. Unasaidia. Lakini kichwa cha HDD hakiongezi mwendo kwa sababu umefuta Windows. Kuzima SysMain, huduma ya Windows inayopakia mapema programu unazotumia sana, nako hupunguza mzigo wa diski kwa baadhi ya watu, na unaweza kuirudisha ukiona haina faida. Kinga ya virusi usiiguse. Kama bado unawaza kurudi Windows 10, una siku 10 tu kabla folda ya Windows.old, inayotunza mfumo wa zamani, haijafutwa.

Karani_Usiku
Nimesoma. 05 ni 8, C5 ni 18, C6 ni 0, C7 ni 0. Programu imeweka rangi ya njano na neno la tahadhari.

Bahari_Tulivu
Hiyo C5 ya 18 kwa heksadesimali ni sekta 24. Simama hapo hapo, tafadhali. Usiorodheshe, usitafute virusi, usiendeshe chkdsk. Chomeka diski ya nje unakili kwa mkono, ukianza na kile ambacho ukikikosa utalia. Folda ikigoma, iruke uende nyingine, utairudia mwishoni.

Usihamishe diski yote kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski kama ilivyo. Ni chombo kizuri kwa diski isiyo na ugonjwa, lakini kwa hii utaisomesha mwanzo hadi mwisho na itanasa kwenye sekta mbovu. Weka SSD, sakinisha safi, kisha rudisha faili zako.

Aina ya SSD: ya SATA, muunganisho wa zamani, inaishia MB 550 hivi kwa sekunde; NVMe, aina mpya inayopita njia ya PCIe 3.0, hufika hata 3500. Kwa kazi za ofisi, kutoka HDD kwenda SATA utauona mbingu na ardhi, ila kutoka SATA kwenda NVMe utausikia kidogo sana. Kagua pia tundu la M.2 (la SSD nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama) kama lipo, mengine hupokea SATA pekee.

Nyundo_Ndogo
Kwa namba hizo nafuta neno langu la kusubiri. Niongeze mawili. Leseni ya kidijitali imefungwa kwenye ubao mama, kwa hiyo wakati wa kusakinisha chagua kwamba huna ufunguo, weka toleo lilelile, itajitambua ukiingia mtandaoni. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows unaolinda data, toa ufunguo wa kurejesha sasa hivi, kabla hujagusa bisibisi.

Karani_Usiku
Nimerudi. Kunakili kumechukua saa tisa. Folda moja ya picha iligoma mara tatu, mara ya nne ikakubali, isipokuwa picha mbili zinazofunguka nusu, chini ni kijivu kitupu. Nimeweka SSD ya SATA, kwa kuwa laptop haina tundu la M.2. Windows 11 ileile, RAM ileile, na diski ikiwa imetulia inasoma 1% au 2%. Bahari, picha za watoto zipo. Asante sana, na pole kwa za mama.

Bahari_Tulivu
Nimefurahi mno. Sasa tengeneza nakala ya pili leo hii, usiache faili kwenye hiyo diski ya nje peke yake.