MREJESHO: Kaka yangu sasa anatibiwa VA

Wapendwa, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu kaka yangu aliyetumikia jeshi la Marekani miaka minne, mmoja wao Iraki. Usiku kifua kinambana, na mapokezini VA, idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia waliotumikia jeshi, aliambiwa kwamba bila asilimia za ulemavu (kiwango ambacho VA humpa mtu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya jeshi) hatibiwi.

Si kweli, na inauma kufikiria ni wangapi wamerudi nyumbani na jibu hilo. Tangu Machi 2024, kwa sheria ya PACT, inayowahusu wanajeshi wa zamani waliokutana na sumu kazini, aliyepelekwa vitani Iraki anaweza kujiandikisha kutibiwa bila kwanza kudai fidia, mradi hakufukuzwa jeshini kwa aibu.

Fomu ya kujiandikisha, 10-10EZ, tuliijaza mezani jikoni, mimi nasoma, yeye anajibu. Kilichotuchelewesha ni DD214, karatasi ya kutoka jeshini. Nakala yake ililowa maji zamani, tarehe hazisomeki. Tuliagiza nyingine Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, bure.

Alhamisi akaonana na daktari, akapulizishwa kipimo cha mapafu, akatoka na dawa ya kuvuta.

Kumwona bingwa wa mapafu ndiko kulikotaka kutukwamisha: foleni ya wiki sita! Nikakumbuka mlichonifundisha, kwamba kusubiri bingwa kukizidi siku 28, au safari ya gari ikizidi dakika 60, mgonjwa anaweza kuomba daktari wa nje kwa gharama ya VA. Nilipotaja tu siku 28, dada wa miadi akaanza kuandika rufaa.

Tunaenda tarehe 9. Asanteni mno. Madai ya fidia tunayaanza wiki ijayo.