Kukesha uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, kabla ya safari ya nje: nina miaka 19, nasafiri peke yangu

Binti_Wete

Assalaam aleikum wanajukwaa. Ni msichana wa miaka 19, natoka Wete, nakwenda Bangalore kusoma. Tiketi ya nje inaanzia Unguja, imeandikwa 04:25 Jumanne, kupitia Addis Ababa, na Addis nitangoja saa 13 kabla ya ndege ya pili. Ya Pemba kuja Unguja nimeikata kwa tiketi nyingine: ndege ndogo, inatua Jumatatu saa 11 jioni. Nina masanduku mawili ya kilo 23 kila moja na begi la mkononi la kilo 7.

Naomba kujua: nikae uwanjani kuanzia hiyo saa 11 mpaka alfajiri, au haifai? Ndege ikifutwa usiku ule nikiwa peke yangu nifanye nini, na nani analipa pa kulala? Na Addis nitalala wapi? Tiketi nilikatiwa na wakala wa Chake Chake.

---

Mbweni_Njia_Kuu

Wa aleikum salaam mdogo wangu. Kabla ya pa kulala tuanze na tiketi, maana hapo ndipo watu wanapokwama.

Una tiketi mbili zisizojuana. Ndege ya Pemba ikichelewa au ikifutwa kwa mvua, shirika la ndege kubwa halina habari na wewe. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea, na abiria akikosa kipande cha kwanza, vipande vyote vilivyobaki kwenye tiketi ile hufutwa pamoja, pamoja na ya kurudi kama umeikata. Ndege za Pemba ni za mchana. Ya jioni ikifutwa hupati nyingine mpaka kesho yake asubuhi, na wakati huo ndege yako ya saa 10:25 alfajiri imeshaondoka. Kwa hiyo kutua Jumatatu jioni ni kujibana. Njoo Jumapili, au chukua ndege ya Jumatatu asubuhi ili nyuma yake ibaki nyingine ya akiba.

La pili ni uzito. Njia hiyo inafanywa zaidi na Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria kumi na wawili au kumi na watatu, na ruhusa ya kawaida ni kilo 15. Kwenye ndege ndogo hata begi la mkononi mara nyingi hupandishwa mizani. Wewe una 46 na 7, jumla 53, yaani umezidi kilo 38. Usidhani ukilipia umemaliza. Ndege ile inapangwa kwa uzito, wakijaa abiria na mafuta, sanduku lako linabaki Pemba na risiti yako mkononi. Tena wanataka begi laini. Sanduku gumu la magurudumu halipenyi vizuri kwenye kihifadhio cha chini ya tumbo la ndege.

Masanduku yaje kwa boti ya Mkoani, na jamaa wa kuyapokea bandarini Malindi. Mwenyewe ukitaka kuruka, ruka na begi tu.

---

Kaunta_Usiku

Niongeze kuhusu saa, maana tiketi yako ni ya zile zinazopoteza watu. 04:25 Jumanne maana yake uondoke nyumbani Jumatatu usiku. Kila msimu wapo wanaofika Jumanne usiku na masanduku yao, wamechelewa karibu siku nzima. Andika ukutani: usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne.

Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufunguliwa saa tatu kabla na kufungwa dakika 60 kabla. Kwako ni kuanzia saa 7:25 usiku hadi 9:25. Kabla ya kufunguliwa huwezi kukabidhi mizigo, na bila kukabidhi mizigo huvuki kwenda uhamiaji wala ukumbi wa kusubiria kupanda. Ukija saa 11 jioni utakaa upande wa nje kwa zaidi ya saa nane, na masanduku mawili ambayo huwezi kuyaacha hata ukienda msalani. Ndege za Pemba haziteremshi abiria kwenye jengo la Terminal 3, ambalo ndilo la safari za nje, kwa hiyo mizigo utaiburuza kuhama jengo.

Usikae. Hapa si miji ile ambayo uwanja uko mwendo wa saa mbili. Kisauni ni kama kilomita saba tu kutoka Mji Mkongwe, na Kiembesamaki, Mbweni, Mazizini na Chukwani ziko jirani kabisa. Lala kwa ndugu, ule, uoge, utoke saa 7 usiku. Huna ndugu, tafuta nyumba ya wageni maeneo hayo. Kwa miaka 19 utapewa chumba bila barua ya mzazi, ila watataka pasipoti au Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi.

Gari ipangwe mchana, bei ikubaliwe mchana, na namba ya gari awe nayo mtu wa nyumbani. Daladala za 505 zinakwenda uwanjani lakini si za saa saba usiku, na bodaboda na sanduku la kilo 23 ni kujitafutia balaa.

Sasa ndege ikifutwa. Inategemea umefika wapi.

Kama hujakabidhi mizigo, usitoke kwenye foleni. Ndege inayofuata ina viti vichache vilivyo wazi, na hugawiwa kwa anayefika kaunta. Ukiwa umesimama, mtu wa nyumbani apige simu ya huduma ya shirika au aingie kwenye programu yao kwa namba ya uhifadhi, zile herufi na tarakimu sita. Atakayefika kwanza kati yenu ndiye atakayepata kiti. Ukiletewa ujumbe wa kuchagua kurudishiwa fedha, usibonyeze kwa hasira. Ukishachukua fedha, wajibu wao wa kukufikisha umekwisha, na tiketi ya kununua siku hiyohiyo ni ghali. Wewe unataka kubadilishiwa ndege.

Kama umeshagongwa muhuri wa kutoka, huwezi kutoka nje kiholela. Wafanyakazi wa shirika watawarudisha abiria kwa pamoja kupitia uhamiaji, na muhuri ule utafutwa. Hakikisha wako umefutwa kweli kwa kuangalia ukurasa palepale, maana pasipoti inayoonyesha ulitoka Jumanne na ukatoka tena Alhamisi itakuletea maswali. Mizigo uliza: inarudishwa mkanda wa kuwasili au inabaki kwao? Jibu hubadilika kufuatana na urefu wa ucheleweshaji, kwa hiyo usiondoke na basi la hoteli kabla ya kulipata.

Halafu omba mambo matatu kwa upole lakini kwa majina yake: hoteli, usafiri wa kwenda na kurudi, na chakula. Yakikosekana, omba karatasi au barua pepe yenye sababu ya kufutwa na saa, kisha tunza kila risiti.

---

Haki_za_Abiria

Hapo kwenye "nani analipa" niseme kidogo, kwa sababu mitandaoni watu husoma sheria za Ulaya wakadhani ni zao. Fidia ya Ulaya ya kiwango maalumu kwa ucheleweshaji inahusu ndege zinazoondoka Ulaya, au zinazokwenda Ulaya kwa shirika la Ulaya. Unguja–Addis–Bangalore haimo.

Ulio nao ni Mkataba wa Montreal wa 1999. Tanzania, Ethiopia na India zote zimo. Kwa ucheleweshaji shirika linawajibika kwa hasara uliyoipata na unayoweza kuithibitisha, hadi kikomo cha SDR 6,303 kwa abiria, na kwa mizigo SDR 1,519. Ni viwango vya tangu 28 Desemba 2024. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, moja ni zaidi ya dola moja ya Marekani. Hicho ni kikomo, si zawadi: bila risiti hupati kitu, na shirika likionyesha kwamba lilichukua kila hatua iliyowezekana kuepusha hasara, linaepuka kulipa. Sanduku likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Kesi ni ndani ya miaka miwili.

Ndege ya Pemba peke yake ni safari ya ndani, mkataba huu hauigusi. Ingekuwa imeandikwa ndani ya tiketi moja na ya Bangalore ingehesabika sehemu ya safari ya kimataifa. Ndiyo sababu nyingine ya maneno ya Mbweni_Njia_Kuu hapo juu kuhusu tiketi mbili. Kwa malalamiko ya ndani ya nchi nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA.

---

Mama_Mkoani

Mwanangu, hamjamwambia la kadi ya manjano! Saa 13 Addis si mchezo. Ethiopia imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na India wakali: ukitokea nchi ya orodha hiyo bila cheti wanaweza kukuweka karantini hadi siku sita. Chanjo inatambulika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukichoma wiki ya safari umechoma bure. Ukishachoma ni ya maisha. Na kurudi nyumbani pia, ukikaa zaidi ya saa 12 katika nchi kama hiyo, hapa Zanzibar utaulizwa kadi. Iwe pamoja na pasipoti, si sandukuni.

Addis usilale kwenye kiti kabla ya kuuliza. Shirika la Ethiopian Airlines kwa kawaida huwapa hoteli abiria wa tiketi moja wanaongoja kati ya saa 8 na 24, kama hakukuwa na ndege ya kuunganisha ya mapema zaidi. Masharti hutegemea aina ya tiketi, na mambo ya viza ya kutoka uwanjani, kwa hiyo wakala aulize leo na akuletee jibu la maandishi. Kwa msichana peke yake hoteli ya shirika ni bora mara kumi kuliko kwenda mjini kutafuta.

Ikishindikana, lala ndani, baada ya ukaguzi, karibu na familia au kinamama, mahali penye taa na wafanyakazi wanaopita. Mkanda wa begi uzungushe mguuni, pasipoti na fedha ziwe mfuko wa ndani chini ya buibui. Chumba cha kusalia cha wanawake kina utulivu, lakini si bweni, watakuamsha. Mtandio funga bila pini nyingi, zinalia kwenye mashine na utavuliwa upekuliwe chemba.

---

Kaunta_Usiku

Mama Mkoani kasema kweli, nilisahau kadi. Nami nikumbushe mizigo: sanduku ulilokabidhi kaunta hutaliona Addis. Kaunta ya Kisauni angalia lebo wanayofunga, herufi tatu kubwa ziwe BLR. Zikiwa ADD, simamisha palepale, kwa sababu sanduku litaishia Addis na wewe utaendelea mbele. Kile kipande kidogo cha lebo usikitupe. Dawa, nguo ya kubadili, mswaki, vyeti vya skuli na barua ya chuo, vyote mkononi.

Pawabenki ni mkononi tu, haruhusiwi mtu kuiweka kwenye sanduku la kukabidhi. Kikomo ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, inapita. Iliyofutika maandishi inaweza kunyang'anywa, kwa sababu mkaguzi hana cha kusoma. Na laini yako ya simu iunganishwe huduma ya nje ya nchi kabla hujaondoka hata kama hutapiga: Wi-Fi za viwanja vingi hutuma namba ya siri kwa ujumbe mfupi, usipoupokea huingii.

Saa za Addis ni sawa na zetu. Bangalore iko mbele kwa saa mbili na nusu.

---

Binti_Wete

Ahsanteni sana. Wakala anasema Pemba haiwezi kuingizwa kwenye tiketi moja, basi nitakuja Jumapili kwa boti na masanduku yote, nilale kwa khalati Mazizini. Mambo mawili: nikibeba achari ya embe, asali na karafuu kidogo? Na ndege ikibadilishwa saa nitajuaje, maana sijapata ujumbe wowote mpaka leo?

---

Mbweni_Njia_Kuu

Achari na asali huhesabiwa kuwa maji: mkononi ni chupa ya ml 100 tu, zaidi ya hapo iingie sandukuni ndani ya mifuko miwili, kwa sababu kifuniko kikiachia juu huko vitabu vyote vinanuka siki. Karafuu wewe ni wa Pemba unajua mwenyewe: mnunuzi halali kwa mkulima ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kubeba kwa kilo ni kutafuta kesi. Karafuu za kutia kwenye pilau zinauzwa hata Bangalore, India wanazipenda kuliko sisi.

Ujumbe hupati kwa sababu namba iliyo kwenye uhifadhi ni ya wakala. Hapo ndipo taarifa za mabadiliko zinapokwenda, na yeye saa nane usiku amelala. Mwambie aweke namba yako na barua pepe yako, kisha ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika kwa jina la ukoo na ile namba ya uhifadhi ya herufi na tarakimu sita uhakikishe zimeingia. Angalia hapohapo kama jina lako limeandikwa sawasawa na pasipoti, herufi kwa herufi. Kosa la herufi hurekebishwa mchana kwa simu moja. Kaunta ya usiku, na foleni nyuma yako, ni vita vingine.