Naomba ushauri: mazoezi ya kupumua ya yoga kwa mtu anayekosa usingizi usiku na kuchoka mchana

Mama wa Nkuhungu:
Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Nkuhungu na kazi yangu ya uhasibu iko Mtumba. Tangu msimu wa bajeti uanze nimekuwa nikirudi nyumbani usiku, nikipanda kitandani ninageukageuka hadi saa nane, na ikifika saa tisa alasiri ya siku inayofuata kichwa kinakuwa kizito kiasi kwamba ninarudia mstari mmoja wa hesabu mara tatu. Mwenzangu ofisini alinionyesha video ya mazoezi ya kupumua ya yoga, yale ya kutoa pumzi kwa kasi huku tumbo likiingia ndani. Nilijaribu juzi saa nne usiku, na baada ya dakika mbili hivi nikashikwa na kizunguzungu, vidole na midomo vikaanza kuchomachoma, na usingizi ukapotea kabisa. Nilikosea wapi? Sina presha wala ujauzito, ila vumbi la hapa Dodoma hunizibia pua mara kwa mara.

Muuguzi Kikuyu:
Pole sana, dada yangu. Ulipopumua kwa kasi ulitoa hewa ya kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili ulivyohitaji, na ikipungua ghafla kwenye damu ndipo kizunguzungu na ule mchomo wa vidole hutokea. Hali hiyo kwa kawaida hutulia mtu akirudi kwenye pumzi yake ya kila siku. Hata hivyo, ikikupata bila zoezi lolote, au ikiambatana na maumivu ya kifua, nenda hospitali bila kusubiri.

Mkufunzi Area D:
Zoezi ulilofanya linaitwa kapalabhati, nalo ni la kuamsha mwili, kwa hiyo kulifanya saa nne usiku ni sawa na kunywa kahawa kali kabla ya kulala. Kwa usiku, lala chali, weka kiganja kimoja juu ya kitovu, vuta pumzi polepole kwa pua huku ukihesabu hadi nne na kiganja kikiinuka, kisha uitoe kwa kuhesabu hadi sita. Siri iko kwenye kutoa: mapigo ya moyo hupungua kidogo kila tunapotoa pumzi, hivyo pumzi ya kutoka ikirefushwa, mwili wote huelekea kwenye utulivu. Kwa hesabu hiyo utafikia takribani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Dakika tano zinatosha kuanzia, na kamwe usijilazimishe hadi ukatweta.

Lipo pia nadi shodhana, la kupumua kwa tundu moja la pua baada ya jingine, ambapo kidole gumba huziba tundu la kulia na kidole cha pete huziba la kushoto. Ni zoezi ninalolipenda kuliko yote, lakini pua ikiwa imeziba kwa vumbi liache. Badala yake fanya bhramari: vuta pumzi, kisha uitoe midomo ikiwa imefumbwa huku ukivuma kama nyuki.

Saa tisa alasiri simama, nyoosha mgongo, inua mikono ukivuta pumzi na uishushe ukitoa, mara kumi. Kapalabhati utajifunza baadaye, asubuhi, tumbo likiwa tupu, mbele ya mtu anayelijua.

Mzee wa Kisasa:
Mimi nina presha, na daktari wangu alinikataza mazoezi ya kasi na ya kubana pumzi. Wenye ugonjwa wa moyo, kifafa, ngiri au ujauzito nao wasiyaguse. Hiyo ya polepole ninaifanya kila jioni, na vidonge vyangu sijaviacha hata siku moja.

Binti Kondoa:
Samahani, haya si ibada ya dini nyingine?

Mkufunzi Area D:
Swali lako ni la haki. Asili yake ni India, na huko yamefungamana na mafundisho ya kiroho ya zamani sana. Mimi huwafundisha watu kupumua tu, bila maneno ya sala yoyote, na wanafunzi wangu ni Waislamu na Wakristo. Hata hivyo, dhamiri yako ikisita, usifanye.

Mama wa Nkuhungu:
Mzee wangu, shikamoo, na ninyi nyote asanteni sana. Nimefanya ile ya nne kwa sita kwa usiku nne sasa. Usiku wa kwanza niliona kama kiganja hakiinuki, kifua ndicho kilichokuwa kikipanda, hadi nilipolegeza kanga kiunoni. Jana nilisikia saa sita ikigonga, ya saba sikuisikia. Alasiri bado ninachoka, na kesho nitaanza ile ya kusimama.